Mbuyu wa Mama: Nairobi hadi Mombasa kwa baiskeli

Jumanne, usiku

Baiskeli kumi na moja zimelazwa kwenye buti la basi, magurudumu ya mbele yamefunguliwa, minyororo imeviringwa matambara isije ikachafua mizigo ya watu. Utingo alilalamika, akapewa chake, kisha akatusaidia kuzipanga vizuri kuliko tulivyozipanga wenyewe. Tunaondoka Mombasa saa tatu za usiku kwenda Nairobi, ili kesho asubuhi tugeuke na kurudi tukipiga pedali.

Mama alipoelezwa mpango huu aliacha kupepeta mchele. "Weye una wazimu? Mtu apanda basi ende Nairobi, halafu arudi kwa baiskeli? Kwani basi hilo halirudi?" Nikamweleza tena: tunachangisha pesa za nauli na malazi kwa wagonjwa wa saratani wanaotoka mbali kuja kutibiwa Mombasa, na njiani tutasimama mijini tuzungumze na watu. Akanyamaza. Mama hasemi "saratani". Husema "yale maradhi", kwa sauti ya mtu anayemteta jirani aliye karibu na dirisha.

Yeye njia hii aliipita mwaka 2012. Kwanza alikwenda zahanati moja, sitaitaja, akaambiwa ni uvimbe wa kawaida, akapewa vidonge. Miezi minane ikapita kwenye hivyo vidonge. Ulipojulikana ugonjwa wenyewe ilikuwa ni Nairobi: upasuaji, halafu dawa ya mshipani kila baada ya siku 21, mara sita, halafu wiki tano za mionzi, kila siku ya kazi, akilala kwa binamu yake Eastleigh. Hospitali ya umma hapa Mombasa haikuwa na mashine ya mionzi wakati ule. Treni ya Madaraka nayo ilikuja 2017. Kwa hiyo ilikuwa basi, tena la usiku, kwa sababu usiku, alivyosema, hakuna anayekutazama ukitapika.

Ndiyo maana barabara hii haijui. Amehifadhi kitu kimoja tu. Safari ya nne, akirudi, dereva alimsimamishia gari mahali pasipo nyumba. Akashuka, akatapika, na alipoinua kichwa taa za basi zilikuwa zimemulika mbuyu. "Mkubwa, mwanangu. Nikaushika hivi kwa mikono miwili." Wapi hasa, hajui. "Kabla ya adhana ya alfajiri," hiyo ndiyo ramani yake yote.

"Ukiupita," akaniambia, mikono imesharudi kwenye ungo, "nisalimie."

Jumatano: Nairobi hadi Emali

Saa kumi na mbili asubuhi Nairobi ni baridi ya kumtoa mtu wa Pwani machozi. Mji uko kama mita 1,700 juu ya bahari, na wenyeji waliotuaga walituhakikishia kuwa kutoka hapo ni mteremko mtupu mpaka Kilindini. Mtu asikudanganye. Kuna vilima vya Salama, na kuna upepo. Tuko mwisho wa Septemba, kusi inakata roho lakini haijafa, na sisi tunaelekea kusini-mashariki, yaani tunaingia kinywani mwake. Wazee wa majahazi walipanga mwaka mzima kwa kuijua kusi na kaskazi. Sisi tulipanga kwa kuangalia likizo za shule, kwa sababu watatu kati yetu ni walimu.

Athi River tulivuta vumbi la saruji na moshi wa malori. Baada ya hapo nyanda za Kapiti zikafunguka na tukaweza kuongea. Kundi letu ni hivi: nahodha, ambaye hupanga kasi na kutukemea, muuguzi mmoja wa Likoni, ambaye kusema kweli ndiye mwenye safari hii, fundi anayebeba tyubu, viraka na solushen kwenye keria kama mganga na mkoba wake, mzee wa Mtongwe wa miaka 61 kwenye baiskeli iliyoundwa kabla baadhi yetu hatujazaliwa, walimu watatu, na wengine. Wanawake wanne. Nyuma yetu pikapu ya maji na majeruhi.

Sultan Hamud mzee wa Mtongwe alitusimamisha lazima apigwe picha chini ya kibao. Mji umebeba jina la Sultani Hamoud wa Zanzibar tangu enzi za kujengwa reli. "Huyu ni wetu," akasema, "na hakuna hata mmoja hapa anayejua kupika pilau." Alikuwa ameulizia.

Emali tulifika miguu inatetemeka. Muuguzi alijaribu kuzungumza na wauza vitunguu sokoni, lakini ilikuwa saa ya magari kusimama, kila mmoja anakimbilia dirisha na wavu wake. Alipata wasikilizaji wawili, na mmoja alikuwa anangoja chenji.

Alhamisi: Emali hadi Mtito Andei

Alfajiri Kilimanjaro ilijitokeza mkono wa kulia, nyeupe, bila mawingu. Dakika kumi tu, ikajifunika.

Makindu tulikula kwenye hekalu la Masingasinga, ambalo limekuwapo tangu 1926, kumbukumbu ya mafundi wa reli waliotoka Punjabi. Huulizwi dini wala kabila wala pesa. Vua viatu, funika kichwa, kaa, ule: dengu, chapati, mboga, chai yenye maziwa mengi. Mzee mmoja aliyekuwa akigawa chapati alisoma maandishi ya fulana zetu, akasimama na sinia lake. Akatuambia mkewe. Hakusema zaidi ya hapo, "mke wangu" tu, akaniongezea chapati ya nne.

Kutoka hapo vilima vya Chyulu vinakufuata upande wa kulia. Watu wa Mombasa wangepaswa kuvijua vilima hivi kama wanavyolijua lango la nyumba zao. Mvua inayonyesha pale huzama katika mawe ya volkano, ikaja kutokea chemchemi za Mzima, na kutoka Mzima bomba limeelekea kwetu. Tunalalamika mfereji ukikauka Majengo na hatuna habari maji yalianza safari wapi.

Na kuanzia Kibwezi, mibuyu. Si mmoja wala kumi. Nilikuwa nimejiwekea nadhiri ya kupiga picha kila mbuyu mkubwa ulio karibu na lami, na kufikia saa nane nilikuwa wa mwisho kabisa, nahodha ananipigia kengele kwa mbali. "Wewe umekuja kwa saratani au kwa miti?" Sikumweleza.

Mtito Andei, wanasema Wakamba, ni msitu wa tai wala mizoga. Ni nusu ya njia na mabasi husimama hapa watu wale. Mama hakuwahi kushuka. Alikuwa anaogopa harufu ya mafuta ya kukaangia, tena alikuwa hana nywele na mtandio ulikuwa ukimteleza. Usiku, wenzangu wamelala, nilikaa nje ya hoteli na kikombe cha chai nikitazama mabasi yakiingia. Watu wanamwagika mlangoni, wanakimbilia choo, wanakimbilia chipsi. Nikajikuta sitazami wanaoshuka. Nilikuwa natazama madirisha, kuona nani amebaki.

Basi la tatu alikuwako mmoja, kichwa kimeegemea kioo. Huenda alikuwa na usingizi tu.

Ijumaa: Mtito Andei hadi Voi

Leo hakuna kuondoka gizani. Barabara inapita katikati ya mbuga: Tsavo Mashariki kushoto, Tsavo Magharibi kulia, na tembo hawasomi vibao. Tulikwenda tumeshikana kama kuku wa tenga, pikapu mgongoni. Mwalimu mmoja akaona hapo ndipo pa kusimulia wale simba wawili wasio na manyoya ya shingo waliokula wajenzi wa reli kwenye mto Tsavo mwaka 1898, mpaka wakapigwa risasi, na sasa wamewekwa kwenye jumba la makumbusho Chicago. Alisimulia vizuri mno. Mzee wa Mtongwe akamwambia amalizie Voi.

Tembo tuliwaona, kundi zima jekundu kwa udongo, wakipita chini ya daraja la reli mpya kana kwamba wamelipa tikiti. Nyani walituibia ndizi. Manyani jua lilikuwa limeshakaa sawasawa.

Tuliingia Voi saa saba kasorobo, khutba imekwishaanza. Baada ya swala imamu alimpa nahodha dakika tano, naye akazitumia kuwaomba wanaume waende nyumbani wakawalete wake zao chini ya mwarobaini, saa kumi. Sikutegemea. Walikuja karibu hamsini.

Hapa ndipo nilipomwona muuguzi wetu kazini. Hakuanza na ugonjwa. Alitoa chupa ya siki mfukoni, ile ya dukani, akaiinua.

"Hii nini?"

"Siki!"

"Ya nini?"

"Kachumbari!"

Akawaambia kwamba kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi chaweza kufanywa kwa siki. Siyo hiyo ya kachumbari bali ile nyepesi iliyotayarishwa hospitalini. Hupakwa kwenye mlango wa kizazi, husubiriwa dakika moja hivi, na mahali ambapo ngozi imeanza kubadilika hugeuka peupe. Majibu siku hiyo hiyo, na kama pana kidoa mara nyingi hutibiwa kabla hakijawa saratani. Hilo neno "kabla" alilirudia mpaka watoto wakaanza kulisema naye. Saratani hii, akasema, huchukua miaka mingi kutoka kidoa mpaka ugonjwa, kwa hiyo inatupa nafasi nyingi za kuikamata, na bado inatushinda kwa sababu tunakwenda tukishavuja damu.

Bibi mmoja akauliza kuhusu chanjo ya wasichana. Mjukuu wake ana miaka kumi, shuleni walikuja, mamake akakataa, kasikia inafunga kizazi. Muuguzi hakumcheka. Alimwambia chanjo ile inazuia virusi vya HPV, ambavyo ndivyo vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Kwamba ilizinduliwa hapa hapa Pwani, Mombasa, Oktoba 2019. Na kwamba binti yake mwenyewe kachanjwa. "Na mimi nataka wajukuu," akamaliza. Bibi akacheka mpaka akashika ubavu.

Sisi wanaume tulikuwa tumetengwa upande wa pili wa ukuta tukiziba pancha, na tulisikia kila neno.

Jumamosi: Voi hadi Samburu

Siku mbaya. Kabla ya Maungu lori lilinipita kwa karibu, upepo wake ukanisukuma, gurudumu la mbele likashuka kwenye ukingo wa lami na mimi nikaendelea bila baiskeli. Kiwiko kimechunika, spoku tatu zimekatika. Muuguzi akanisafisha, fundi akanitazama baiskeli kwanza ndipo akanitazama mimi. Dakika arobaini tukawa njiani tena, gurudumu likiyumba kama mtu aliyetoka kilabuni.

Halafu nyika ya Taru. Miiba, joto, lami inayonata, na kusi usoni. Nusu saa nzima sikuweza kufikiri jambo lolote isipokuwa madafu.

Mackinnon Road tulisimama kwenye msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali, aliyekuwa msimamizi wa vibarua kwenye ujenzi wa reli. Madereva wengi wa barabara hii hawapiti bila kusimama, Waislamu na wasio Waislamu. Kwa hiyo kivulini tulikuta madereva na matingo kama ishirini, wamekunywa maji, wamenawa, hawana haraka. Nahodha akasema hapa ndipo.

Akaanza na hesabu: kwa makadirio ya mwaka 2020, Kenya ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani elfu 42 na waliokufa elfu 27. Zikapita juu ya vichwa kama ndege. Ila dereva mmoja wa basi alitoa simu, akagawanya, akanyanyua uso: "Waliokufa ni watu sabini na nne kila siku. Zaidi ya basi langu likijaa." Akakaa kimya. "Kila siku?"

Ndipo mzee wa Mtongwe akasimama. Hatukupanga. Akasema: mimi nilikuwa naamka kukojoa mara tano kwa usiku. Nikasema ni uzee. Mke wangu akasema ni kisukari. Kumbe tezi dume. Akawaeleza kipimo cha damu, na kile kipimo kingine cha kidole ambacho wanaume wanakiogopa kuliko ajali, akawaeleza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, wakacheka wakalala kwenye mikeka. Na walipokuwa wanacheka akawaambia: "Nimekaliwa na kidole nusu dakika, na leo nimepiga baiskeli kutoka Nairobi. Nani ananicheka?"

Maswali yakaja kama mvua ya masika. Utingo mmoja, kijana mdogo, akanigeukia mimi. "Na wewe, nani wako?"

"Mama."

"Wapi?"

Miaka yote hii nilikuwa nasema "kifuani". Nikasema, "Ziwa. La kushoto. Lilikatwa." Hakuna aliyecheka. Dereva wa lori akauliza kama ni kweli na wanaume hupata hiyo, nikamwambia ni kweli, katika wagonjwa mia huenda mmoja akawa mwanamume, na nikamwona mkono wake unapanda taratibu, unajigusa juu ya shati.

Neno lenyewe, saratani, ni Kiarabu cha kaa, yule wa mikokoni. Mwalimu ndiye aliyetukumbusha tukiwa njiani. Anayekwenda upande upande, na akishika haachii.

Samburu (hii yetu ya Kwale, siyo ile ya kaskazini) tulilala darasani, kwenye madawati yaliyounganishwa. Mibuyu niliyopiga picha leo ni kumi na minane. Kama ilikuwa kabla ya adhana, basi iko huku.

Jumapili: Samburu hadi Mombasa

Mariakani tulipokunywa chai alitujia mama mmoja aliyeona fulana. Anatoka ndani huko Kinango. Siku hizi Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo cha saratani na mionzi inatolewa, naye aliandikiwa mara ishirini na tano, Jumatatu hadi Ijumaa. Pikipiki mpaka barabarani, matatu mpaka Mombasa, arudi jioni, kesho tena. Aliishia ya tisa. "Dawa sikuishindwa," akasema. "Nauli ndiyo ilinishinda."

Tulikuwa tumesimama na vikombe mikononi. Nilikuwa nikidhani safari za Mama zimekwisha kwa sababu mashine imeletwa nyumbani. Muuguzi alichukua namba yake, akapiga simu mbili pale pale, akaandika kitu kwenye daftari lake. Huyu atakuwa wa kwanza kwenye orodha yetu, na Jumatatu anapaswa kuonana na daktari ajue mionzi iliyokatizwa itaendelezwa vipi, maana haianzwi tu pale ilipoachwa.

Mazeras kushuka. Hapo ndipo hewa inapobadilika, inakuwa nzito na ya chumvi, na hata baiskeli yangu yenye gurudumu la kilabuni ikakimbia. Miritini, Changamwe, kreni za bandari, daraja la Makupa, na watoto wanatupigia makelele "Pedali! Pedali!" Mapembeni kulikuwa na ndugu na jamaa, maji, madafu (hatimaye), na mtu wa redio aliyemuuliza mzee wa Mtongwe siri ya nguvu zake. Tukamvuta kabla hajaanza habari za kidole.

Nilipofika Kibokoni Mama alikuwa amekaa barazani na mahamri yamefunikwa kawa. Akatazama kiwiko, akasema nilijua. Kisha akaunyoosha mkono apewe simu.

Alizipitia picha zote. Mmoja mmoja, kwa kidole, akizisogeza karibu na macho.

"Sio huu."

"Sio huu."

"Huu mwembamba."

"Huu una kibao cha soda, wangu haukuwa na kibao."

Nikamwambia, Mama, miaka imepita, huenda kibao kimewekwa juzi. Hakunijibu. Alifika picha ya mwisho, ule wa karibu na Samburu, wenye shimo ambalo mtu anaweza kuingia akakaa. Akaukuza, akautazama mpaka chai yangu ikapoa.

"Mzuri," akasema. "Lakini wangu ulikuwa mkubwa kuliko yote haya." Akanirudishia simu, akafunua kawa. "Baiskeli hiyo itoe mlangoni, watu watapita wapi?"